Kilo Tano za Daktari

Mchi wa Mama Léontine ulipimwa Jumatatu asubuhi, kwenye mizani ileile ambayo mumewe, Papa Dominique, alitumia kununulia mpunga wa wakulima wa Wamaza. Aliufunga kamba katikati, akauning'iniza kwenye ndoano, akasubiri mshale utulie, kisha akawaita majirani waje wajionee. Kilo tatu kasoro. Akauliza kama kuna mtu anayeona zaidi ya hapo. Hakuna aliyeona zaidi.

"Munganga alisema kilo tano," akatangaza, akimtaja daktari wa Lubumbashi. "Hii haifike hata tatu. Basi kutwanga anaweza."

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba mizani ile ilikuwa ya mnunuzi. Kasongo nzima ilijua kwamba gunia la mkulima likining'inizwa pale hukonda kabla mwenyewe hajafuta jasho la safari. Lakini siku ile hakuna aliyekumbuka jambo hilo, au aliyelikumbuka alikuwa mgeni wa nyumba na tayari alikuwa ameahidiwa chai.

Mama Léontine alisimama kando, mkono wa kushoto ameuegemeza tumboni, akiutazama mchi wake ukizunguka hewani. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu arudi kutoka Lubumbashi. Chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, alikuwa ameshonewa mashine ndogo yenye betri, ambayo watu waliita pile ya moyo. Moyo wake ulikuwa umeingiwa na uvivu. Ulipiga, ukapumzika, ukasahau zamu yake, na kila uliposahau yeye alianguka. Mara ya mwisho alianguka kwenye chemchemi akiwa na bidoni ya maji kichwani. Mwanawe Yves, anayenunua dhahabu Salamabila, ndiye aliyelipia safari na kila kitu, na baba yake ndiye aliyepokea pongezi.

Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi alimkalisha akamweleza taratibu. Waya umepitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, lakini bado ni mgeni mle, haujashikana na nyama. Kwa wiki sita kiwiko cha kushoto kisipite bega. Asibebe kitu kichwani, asitwange, asivute, asisukume, na asinyanyue kitu chochote cha kufika kilo tano. Kutembea atembee, na mkono autikise kidogo kidogo ili bega lisikauke. Waya ukichomoka itabidi wamfungue tena, na mara ya pili hakuna atakayeahidi mambo.

Mama Léontine alifika nyumbani akamrudishia mumewe maneno yote, moja baada ya jingine. Papa Dominique ni mtu wa biashara. Katika maneno yote alishika lile lililokuwa na namba.

Alipokumbushwa kwamba kutwanga kulikatazwa kwa jina lake, alicheka kwa upole wa mtu mwenye elimu ya soko. Munganga alikataza kwa sababu ya uzito, akaeleza, na uzito tumekwisha kuupima. Lubumbashi wana mchi gani? Pengine kule wanatwanga kwa vyuma.

---

Habari ya maji aliimaliza kwa njia hiyohiyo. Alitafuta kibidoni cha njano cha lita tano, akakisafisha mafuta ya mawese kwa mchanga, akampa mkewe kama mtu anayempa zawadi ya Noeli. Badala ya bidoni kubwa kichwani, kibidoni kimoja mkononi, mkono wa kulia, kikipungua kidogo ili kilo tano zisifike. Aende mara nne. Je, daktari hakusema kutembea ni kuzuri?

Watu walimsifu. Walisema wanaume wengi wangemwacha mke abebe bidoni nzima. Mama Léontine akawa anapanda na kushuka mlima wa chemchemi tangu umande haujakauka, na wanawake wenzake walimtania kwamba amekuwa mtoto anayetumwa maji ya kunawia wageni. Alicheka pamoja nao. Akigeuza mgongo aliacha kucheka, kwa sababu njia ile ile ndiyo iliyomwona akianguka, na sasa alikuwa anaipita mara nne kwa ajili ya kuonewa huruma.

Wageni nao hawakukatika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema nani atapika. Walikuja wa kanisani, wakaja wa sokoni, wakaja majirani Waislamu na sahani zao za heshima, wote kumpa pole mgonjwa na kumwambia apumzike. Kila aliyekuja kumwambia apumzike alikaa mpaka chakula kikaiva. Mzee mmoja aliuliza kama mashine hiyo inaweza kutia moto simu iliyoisha chaji. Mwingine aliomba kuona kovu, na Papa Dominique akasema, "Mama Yves, onyesha," kwa sauti ileile anayoamrishia gunia lifunguliwe. Mama Léontine alifungua kifungo kimoja cha blauzi mbele ya wanaume wa kwaya, akatazama ukuta mpaka walipomaliza kushangaa. Halafu akaenda kuangalia wali.

Katikati ya wiki alifika Chimène, dada yake Papa Dominique, ametumwa na ukoo kutoka Kabambare kuja kumsaidia wifi yake. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na sanduku, watoto wawili, na mgongo ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, barabara ya Kabambare ilikuwa imeuvunja vipande. Alimkumbatia Mama Léontine kwa uangalifu mkubwa upande wa kulia, akamwangalia kovu, akatokwa na machozi ya kweli.

"Wifi, pole sana," alisema. "Usibebe kitu. Usifanye hata kitu kimoja. Leo tunakula nini?"

Baada ya kula alilala. Mgongo ulimweka kitandani siku ile na siku iliyofuata, na kwa kuwa mtu mwenye mgongo hawezi kubeba mtoto, mdogo wao akawa anabebwa na Mama Léontine. Papa Dominique alimpima mtoto pia. Mshale ulipita tano, akashusha pumzi, akasema basi mtoto abebwe akiwa amelala, maana mtoto aliyelala hatikisiki.

---

Ndipo Papa Dominique alipopata wazo la ibada ya shukrani.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Mungu alikuwa amemponya mke wake; lazima ashukuriwe, na ashukuriwe hadharani, mbele ya mchungaji, mkubwa wa mtaa, wanunuzi wenzake na kwaya nzima. Yves alituma mbuzi kwa pikipiki kutoka Salamabila. Mchele ulikuwepo, kwani katika nyumba hiyo mchele ndio usiokosekana. Papa Dominique mwenyewe aliandaa hotuba, na ndani yake kulikuwa na maneno, "Mungu aliyempa mke wangu mapumziko." Kilichobaki kilikuwa sombe. Majani ya muhogo yaliletwa Ijumaa, marundo juu ya marundo, yakamwagwa nyuma ya nyumba karibu na kinu. Mapumziko ya Mama Léontine yangeshangiliwa na watu wengi, na wote walikula sombe.

Alijaribu. Alishika mchi kwa mkono wa kulia peke yake, kama alivyoagizwa na mizani. Mchi ulipindapinda, kinu kikateleza, majani yakaruka nje. Alirudia, polepole zaidi. Lakini mikono ya mwanamke aliyetwanga tangu utotoni haingoji ruhusa. Kabla hajajua, mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kupanda kumsaidia mwenzake. Alitwanga hivyo muda mfupi tu. Kitu kikamrukaruka chini ya mbavu, mfano wa kwikwi, kisha lile giza la zamani likaja pembeni mwa macho, lile analolijua vizuri. Aliketi juu ya majani.

Giza lilipoondoka alichukua simu, akaiweka sikio la kulia, mbali na mashine, kama alivyofundishwa, akampigia muuguzi wa Lubumbashi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza mapigo ya moyo, akamwambia ayahesabu, akangoja. Kisha akasema inawezekana waya umevutika kidogo lakini bado unashika. Akae chini. Mchi asiuguse, maji asichote, na akianguka tena aletwe mara moja. Mama Léontine aliuliza, na akitwanga mara moja tu, Jumapili? Muuguzi akamuuliza kama ana watoto.

Papa Dominique alikuwa sebuleni akifanya mazoezi ya hotuba yake. Mkewe alisimama mlangoni.

"Baba Yves, kule Lubumbashi wamesema nikitwanga tena nitakufa."

"Wamesema utakufa, ao wamesema unaweza kufa?"

"Naweza."

"Unaona sasa. Hata miye naweza kufa. Jumapili ipite kwanza, kisha utapumuzika mupaka uchoke."

Hakusema hivyo kwa ukatili. Ndiyo maana ni vigumu kumsamehe. Alisema kama mtu anayepunguza bei ya gunia, akijua kwamba muuzaji huanza juu na kushuka.

Mama Léontine akaenda kwa Chimène. Chimène alimwonyesha kidole gumba kilichovimba. Akaenda kwa jirani yake, Mama Laura, ambaye wamekuwa wakipeana chumvi na moto miaka yote. Mama Laura alikunja uso kwa huzuni. Kutwanga angetwanga kwa furaha, alisema, lakini yeye amealikwa, na mwalikwa hashiki mchi. Tena mwanamke mwenye nyumba yupo, anasimama, anatembea. Kasongo wanajua kusema. Mwanamke akionekana kwenye kinu cha mwenzake ambaye hajalala kitandani, kesho yake wanasema amekuja kuzoea nyumba, na keshokutwa wanamwita mke mdogo wa Papa Dominique. Yeye na mume wake hawataki maneno hayo.

"Hata ungezaa, ningekuja," Mama Laura akasema kwa masikitiko. "Ao kungekuwa kilio, mutu amekufa. Hapo hakuna mutu anasema kitu."

Mama Léontine alikuwa amekwisha kupita umri wa kuzaa. Alirudi nyumbani akilifikiria lile jingine.

---

Jumapili walitangulia wote kanisani. Papa Dominique alivaa suti yake ya kijivu, Chimène alivaa kitenge kipya cha sherehe, ambacho kukichagua ndiyo kazi pekee aliyoimaliza tangu aje, na mgongo wake ulimruhusu kutembea mpaka kanisani bila kulalamika. Mgonjwa aliachwa nyumbani ili sombe iwahi.

Alikaa kidogo akiyatazama majani. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Alikuwa na hakika kwamba akitwanga atakufa, na alikuwa na hakika pia kwamba asipotwanga atasimamishwa mbele ya watu na kuulizwa kwa nini amemwaibisha mume wake. Vitu hivyo viwili alivipima bila mizani. Kisha akaingia ndani, akatoa mkeka, akautandika katikati ya ua, mahali panapoonekana kutoka njiani. Akavua viatu. Akavua kitambaa cha kichwa, akaziacha nywele zake zenye mvi zionwe na jua. Akaketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, viganja juu ya mapaja, kimya.

Hakulia. Hakuita mtu. Hakusema uongo hata mmoja.

Mama Laura ndiye aliyepita wa kwanza. Aliona mkeka, akaona kichwa kitupu, akaweka ndoo chini palepale njiani. Katika sehemu hizo mtu hafiki kwenye kilio akauliza jina. Kuuliza kabla ya machozi ni kuonekana umekuja kwa udadisi. Unalia kwanza, unafanya kazi, na jina litakuja lenyewe likibebwa na wenye msiba. Kwa hiyo Mama Laura alilia. Sauti yake ikawatoa wengine nyumbani. Walikuja na vitenge wamejifunga viunoni, na kwa muda mfupi maji yalikuwa yanapanda kutoka chemchemi, bidoni kubwa, juu ya vichwa vyenye afya. Kuni zikaja. Mmoja aliona majani karibu na kinu, akashukuru Mungu kwamba yamekwisha kuchumwa, akaanza kutwanga. Wa pili akaleta mchi wake mwenyewe, wakawa wanapokezana. Hakuna aliyeogopa kuitwa mke mdogo.

Mwisho alifika shangazi Cécilia, na hapo kilio kikawa kilio. Cécilia alikuwa shangazi yake Papa Dominique, na katika mtaa ule hakuna maiti iliyothubutu kuzikwa bila sauti yake. Alijua nyimbo za maombolezo za Kibangubangu ambazo hata wazee walikuwa wamezisahau, na alijua pia sehemu ya nyama inayomfaa mwimbaji. Aliingia akiwa ameinua mikono yote miwili juu, jambo ambalo Mama Léontine alilitazama kwa wivu, akaimba mpaka jasho likamtoka. Alipopumua aliinama akamuuliza mama mwenye msiba, sikioni, kama amekula. Mama Léontine alitikisa kichwa. Wakamletea uji.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Lubumbashi mtu kumletea chakula akiwa ameketi. Machozi yalimtoka hapo, na wanawake walipoyaona wakazidisha yao.

---

Habari huruka haraka kuliko pikipiki. Ilimkuta Papa Dominique amesimama mbele ya kanisa, amefika mahali pa mapumziko katika hotuba yake. Mtu aliingia, akanong'ona na mwingine, na wa tatu akaja kumshika mkono. Nyumbani kwako kuna kilio. Mama Léontine amekaa chini, kichwa wazi.

Kama mama amekaa chini, basi hakufa yeye. Kila mtu kanisani alifika kwenye jina moja kwa wakati mmoja: Yves. Salamabila, mashimo, ardhi huanguka kule kila mvua. Papa Dominique alipiga simu ya mwanawe, mtandao haukupatikana. Akapiga tena. Karatasi za hotuba zilibaki juu ya mimbari, na mwenyewe akatoka mbio.

Nimemcheka mtu huyu tangu mwanzo na nitamcheka tena, lakini siyo njiani pale. Alikimbia katikati ya soko na suti yake, kiatu kimoja kimemtoka, akilia kwa sauti bila kufunika uso, akiita jina la mtoto wake. Wauzaji aliowapunja miaka mingi walisimama wakamwonea huruma. Nyuma yake walikuja mchungaji, kwaya, mkubwa wa mtaa, na Chimène amesahau mgongo kabisa.

Aliingia uani akaanguka magotini mbele ya mkeka.

"Ni Yves?" aliuliza.

"Yves iko muzima," Mama Léontine alijibu. "Alinipigia simu asubuhi, akauliza kama mbuzi ilifika."

"Sasa ni nani?"

"Ni miye."

Michi ilinyamaza. Shangazi Cécilia, aliyekuwa anavuta pumzi kwa ajili ya wimbo mwingine, aliifunga midomo. Papa Dominique alimtazama mke wake toka kichwani hadi miguuni, akitafuta mahali alipofia.

"Lakini uko na uzima," akasema.

"Kwa sasa. Baba Yves, ningetwanga ile sombe asubuhi, hawa wamama wangekuja magaribi. Wangechota maji, wangepika, wangelia vizuri sana. Nikajiuliza, juu ya nini wasije asubuhi, na miye nikule pamoja nao?"

Halafu akawageukia wanawake, akawaeleza waya, giza, na maneno ya muuguzi. Akasema hakumwita mtu wala kumdanganya mtu. Alikaa tu kwenye mkeka wake. Mama mmoja alikasirika, akasema amelia bure, akafungua kitenge kiunoni ili aende. Mama Laura alibaki palepale. Aliangalia kinu mbele yake, akaangalia mchi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani.

Chimène alisema huo ni uchawi. Mchungaji alisema ni kumdhihaki Mungu, akatazama mkeka, akatazama sufuria za wali zilizokuwa zinatoa mvuke, akaona kwamba jambo zito namna hii linahitaji maombi marefu, baada ya chakula.

Papa Dominique sasa alikuwa amesimama. Furaha ya Yves kuwa hai ilikuwa imekwisha kugeuka hasira, kwa kuwa watu wote aliotaka wamwone walikuwa pale, na walikuwa wanamwona bila kiatu.

"Kunja hii kitu," alimwambia mkewe. "Simama, uvae kitambaa."

"Haikunjwe," alisema shangazi Cécilia.

Alisema polepole, na watu wakampisha. Hakuwa amependezwa na mchezo wa Mama Léontine; alikuwa amekasirika kuliko wote. Lakini hasira yake ilikuwa ya fundi.

"Miye nimelia," akasema. "Nimelia mupaka sauti imekatika. Nimeimba nyimbo ambazo haziimbwe bure. Hakuna mutu wa kurudisha machozi yangu kwenye macho. Kilio kikishaanza, mukeka unakaa mupaka arobaini. Ukikunjwa mbele ya siku zake, unatafuta maiti yake mwenyewe. Na hauchague, ao ni muke, ao ni mume."

Arobaini, Wakristo wa Kasongo waliiazima zamani kwa majirani zao Waislamu na hawakuirudisha. Papa Dominique aliijua, na huo msemo wa mkeka aliujua pia. Alikuwa amewahi kuucheka akiwa kijana, mchana, katika kundi la watu. Aliinama ashike pembe ya mkeka. Watu wote walitazama mkono wake. Ulifika karibu, ukasimama, vidole vikakunjuka na kukunjika, kisha ukarudi mfukoni mwa suti. Waya uliomo ndani ya moyo wa mke wake hakuuogopa hata siku moja. Mkeka aliuogopa.

"Kama huogope, kunja," Mama Léontine alimwambia kwa adabu. "Miye munganga amenikataza kuvuta."

Mtu mmoja wa kwaya alicheka, akajifanya anakohoa.

Kuanzia hapo shangazi Cécilia alichukua utawala, na alitawala kana kwamba marehemu yupo chumbani. Mama mwenye mkeka atakaa, atakula, atatembea kidogo uani kuzuia miguu isife ganzi. Asiguse jiko wala chemchemi. Wanawake wa mtaa watashika zamu za maji na kuni, kama kawaida ya kilio chochote. Mume ndiye mfiwa: asivae viatu, alale chini, asiende sokoni, na mizani asiiguse mpaka arobaini, kwani mtu wa msiba hapimi mali. Na mwenye jiko la msiba, kwa desturi ya ukoo wao, ni dada wa mfiwa. Alichukua mchi kutoka mkononi mwa Mama Laura akampa Chimène. Chimène aliinua kidole gumba. Cécilia alikitazama, akamwambia atumie vingine.

Daktari alikuwa ameomba wiki sita, kwa sababu za kweli, akakosa. Shangazi Cécilia aliomba arobaini kwa ajili ya mkeka, na mtaa mzima ukatii.

---

Chakula kililiwa. Sombe ilisifiwa. Mchungaji aliomba maombi ambayo hayakueleweka kama ni ya shukrani au ya mazishi, mkubwa wa mtaa akaitikia amina, na wageni wakaanza kuondoka wakiaga kwa mashaka, hawajui kama waseme hongera au pole. Nyuma ya nyumba Chimène aliendelea kutwanga sehemu ya majani iliyobaki, na mchi wa kilo tatu kasoro ulisikika ukitua kwa uzito wake wote.

Papa Dominique alikuwa ameketi ukingoni mwa mkeka, miguu mitupu, suti imejaa vumbi la magoti. Watu waliopita njiani walipunguza mwendo ili wamtazame. Alisubiri mpaka mgeni wa mwisho alipofika mbali, akamwinamia mke wake, akasema kwa sauti ya chini, na safari hii hakukuwa na bei ndani ya sauti yake.

"Mama Yves, watu watasema nini? Bibi iko hai, na bwana amekaa chini kama mujane."

Mama Léontine aliutikisa mkono wake wa kushoto kidogo kidogo, kama alivyofundishwa.

"Watasema ulinililia wakati bado nilikuwa nasikia."